Nani Amesema Jina Hili Halipo?

Kuna hitilafu moja ambayo mafundi wa mitandao ya ofisi wameizoea kwa miaka mingi. Kompyuta zote za kampuni zinaonana. Faili za pamoja zinafunguka, printa inachapa, mfumo wa mishahara unaitika kwa jina lake. Lakini mtu akiandika jina la tovuti ya benki, kivinjari kinamjibu kwamba jina hilo halipo duniani. Akiandika namba ya anwani badala ya jina, pakiti zinakwenda na kurudi bila tatizo lolote. Wafanyakazi watasema mtandao umekatika, na fundi asiyekuwa makini atakubaliana nao, ataizima ruta na kuiwasha, kisha atampigia simu mtoa huduma. Mtandao haujakatika. Kilichopotea ni uwezo wa seva ya DNS ya ndani, ile inayogeuza majina kuwa namba, kujua wapi mamlaka yake yanaishia na wapi inapaswa kuuliza wengine. Dai langu ni kwamba hitilafu hii imezaliwa na historia ya namna intaneti ilivyogawa madaraka ya kutaja majina, na kwamba ufundi wa kuitafuta, uliojengeka polepole tangu miaka ya 1980, umekuwa ufundi wa kuuliza swali moja: nani amesema jina hili halipo, na amepewa na nani haki ya kusema hivyo?

Swali hilo halikuwa na maana hapo mwanzo, kwa sababu msemaji alikuwa mmoja. Katika mtandao wa ARPANET, uliounganisha kompyuta zake mbili za kwanza huko California mnamo Oktoba 1969, majina yote yalikuja kuwekwa katika faili moja iliyoitwa HOSTS.TXT. Faili hiyo ilitunzwa na kituo cha habari za mtandao katika taasisi ya utafiti ya SRI mjini Menlo Park, chini ya uongozi wa Elizabeth Feinler. Chuo au maabara iliyotaka kuongeza kompyuta iliwaandikia watu wa kituo, nao wakaingiza mstari mpya, kisha kila mahali pakanakili faili upya. Palipotokea mgongano wa majina, ulimalizwa na binadamu waliojuana. Leo faili ndogo ya jina la hosts bado imo ndani ya Windows, Linux na kompyuta za Apple, na fundi mzoefu huichungulia mapema, kwa kuwa mstari mmoja ulioandikwa humo miaka mitano iliyopita na kusahauliwa unaweza kulipeleka jina kwenye anwani iliyokufa huku seva ikilaumiwa bure. Lakini faili moja haikuweza kubeba ulimwengu. Agosti 1983 mtandao ulikuwa na kompyuta 562. Desemba 1987 zilikuwa zimefika 28,174. Tatizo lilikuwa baya kuliko ukubwa wa faili peke yake. Kila kompyuta mpya iliongeza mstari wa kunakiliwa na iliongeza pia mnakili, hivyo mzigo wa kusambaza toleo jipya ulikua kwa kipeo cha pili cha idadi ya kompyuta.

Novemba 1983, Paul Mockapetris wa Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, aliyepewa kazi hiyo na Jon Postel, alichapisha nyaraka mbili, RFC 882 na RFC 883, zilizoeleza mfumo mpya. Wasomaji wa Tanzania wanaweza kuuelewa kwa kukumbuka utaratibu wa uongozi unaoshuka kutoka mkoa hadi wilaya, kata, mtaa, na mwishowe balozi wa nyumba kumi. Mkuu wa mkoa hana orodha ya watu wote wa mkoa wake. Ana orodha ya wilaya, na anajua kila wilaya iko mikononi mwa nani. Balozi ndiye anayejua nani analala katika nyumba ya saba, na neno lake juu ya nyumba hizo kumi ni la mwisho. Ukimuuliza juu ya nyumba ya mtaa mwingine, jibu la haki ni kukuelekeza ofisi ya kata, wala hana ruhusa ya kukuambia kwamba nyumba hiyo haipo. DNS ilijengwa hivyo. Juu kabisa pana mzizi, unaoandikwa kwa nukta moja tupu. Mzizi unajua nani ana com, nani ana ke iliyokabidhiwa mwaka 1993, nani ana tz iliyokabidhiwa mwaka 1995, basi. Kila ngazi inaikabidhi ngazi ya chini sehemu yake, na sehemu iliyokabidhiwa inaitwa zoni. Mwenye zoni hahitaji idhini ya mtu yeyote kuongeza jina ndani yake. Hapo ndipo intaneti ilipopata uwezo wa kukua, na hapo hapo ndipo kila ofisi ilipopata uwezo wa kujiharibia.

Maana seva ya ofisi ina kazi mbili ambazo kwa asili hazifanani. Kazi ya kwanza ni kuwa balozi: kujibu kwa mamlaka juu ya majina ya nyumbani kwake. Kazi ya pili ni kuwa mjumbe: kupokea swali la mfanyakazi kuhusu jina la mbali, kwenda kuuliza ngazi kwa ngazi kuanzia mzizini, kuleta jibu, na kuliweka akiba ili mwingine akiuliza asisubiri. Mockapetris alizitofautisha kazi hizi katika nyaraka zake, na ndani ya kila jibu la DNS aliweka biti moja inayosema kama msemaji ana mamlaka juu ya jina lile au ananukuu tu alichosikia. Ni biti moja tu, sifuri au moja, na ninaiona kuwa miongoni mwa mambo ya busara zaidi katika usanifu mzima. Hata hivyo programu iliyoenea duniani, BIND, iliyoandikwa na wanafunzi wanne wa uzamili wa Berkeley mwaka 1984, iliweka balozi na mjumbe katika mwili mmoja, wakishiriki kumbukumbu moja. Lilikuwa jambo la kawaida kwa wakati ule: kompyuta zilikuwa ghali na mtandao ulikuwa wa watu wanaoaminiana. Lakini tangu hapo fundi wa ofisi amekuwa akiitazama seva moja bila kujua kwa urahisi ni nani kati ya wale wawili anayezungumza.

Waasisi wenyewe waliuona upungufu mapema. Mwaka 1988 Mockapetris na Kevin Dunlap walichapisha makala ya kutathmini mfumo wao, na pamoja na mambo ya kihesabu waliandika uchunguzi ambao kwangu ndio ufunguo wa historia hii: kugawa mamlaka ya kutunza data hakugawi ujuzi unaolingana nayo. Walikuwa wamegundua kwamba wasimamizi wengi huhangaika na seva mpaka inapoanza kufanya kazi, kisha huiacha ilivyo, bila kuuliza kama inafanya kazi ipasavyo. Katika enzi ya HOSTS.TXT kosa la mtu mmoja lingepita mezani kwa watu wa Menlo Park kabla halijaenda popote. Katika enzi ya DNS hakuna meza ya kati. Zoni ni yako, na kosa lililomo ndani yake litatangazwa kwa mamlaka kamili.

Ushahidi ulianza kurundikana. Mwaka 1992 uchunguzi wa Peter Danzig na wenzake ulionyesha kwamba maswali ya DNS yalikuwa yakitumia njia za masafa marefu takriban mara 20 zaidi ya inavyohitajika, kwa sababu ya kasoro katika programu za seva na za wateja wake. Oktoba 1993, katika mwezi mmoja, zilitoka nyaraka tatu za RFC zilizohusu makosa tu: moja juu ya makosa ya programu, moja juu ya makosa ya wasimamizi, na ya tatu, namba 1535, juu ya hatari iliyokuwa imefichwa ndani ya hisani. Programu nyingi zilikuwa zikimsaidia mtumiaji kwa kuongeza mkia wa jina la kampuni kwenye kila alichoandika, ili aandike jina fupi tu la kompyuta ya jirani. Mtu wa kampuni iliyo chini ya com akiandika jina la chuo linaloishia na edu, programu ililijaribu kwanza likiwa na mkia wa kampuni, kisha likiwa na mkia wa com peke yake. Mtu mwingine akishasajili edu.com, maswali yote yaliyokusudiwa vyuo yanaangukia kwake. Dawa ya fundi ni kuandika nukta mwishoni mwa jina anapopima, kumaanisha kwamba jina limekamilika na limefika mzizini, lisiongezwe kitu. Hadi leo vipimo vingi vya seva za ofisi hupotosha kwa kukosa nukta hiyo: fundi anadhani ameuliza juu ya tovuti ya nje, kumbe ameuliza juu ya jina refu la ajabu lililo chini ya zoni yake mwenyewe, na seva yake inatamka kwa mamlaka yote kwamba halipo. Imesema kweli juu ya swali ambalo hakukusudia kuliuliza.

Miaka ya katikati ya 1990 iliongeza ukuta. Anwani za namba zilikuwa zinapungua, na Februari 1996 waraka wa RFC 1918 ulitenga mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani tu, likiwemo lile la 10 na lile la 192.168 ambalo karibu kila ofisi ya Nairobi au Arusha inalijua. Wakati huo huo kampuni zilianza kuweka faiawali kati yao na intaneti. Sasa palikuwa na dunia mbili za majina, ya ndani na ya nje, na seva ya ndani ikasimama mlangoni. Waliofunga mlango vibaya walisababisha kelele kubwa. Duane Wessels na Marina Fomenkov walipochunguza maswali yaliyofika kwenye seva F, mojawapo ya seva 13 za mzizi, kwa saa 24 za Oktoba 4, 2002, walihesabu maswali yapatayo milioni 152 na kukuta kwamba asilimia 98 hayakustahili kuulizwa. Mengine yalihusu majina ambayo hayajawahi kukabidhiwa na mzizi, yaliyobuniwa ndani ya ofisi za watu. Mengine yalirudiwarudiwa, na sababu moja iliyotajwa ni faiawali zinazoruhusu swali litoke lakini zinazuia jibu lisiingie. Mjumbe anatumwa, anarudi na jibu, mlinzi anamzuia getini, na ndani wanamtuma mwingine, na mwingine. Kwa mfanyakazi aliyeketi mbele ya kioo jambo hili lilionekana kama intaneti iliyokatika.

Hata namba za ndani zilivuja. Seva nyingi hupewa swali la kinyume, yaani kutoka namba kwenda jina, na ofisi isiyoweka zoni ya kinyume kwa ajili ya anwani zake za 10 au 192.168 hupeleka maswali hayo nje, kwa mzizi usiojua lolote kuhusu printa ya ghorofa ya pili. Ili kuunusuru mzizi, ziliwekwa seva maalum za kuyapokea maswali hayo na kujibu kwamba hakuna kitu, na mojawapo ikapewa jina la prisoner, yaani mfungwa. Wasimamizi waliokuta kwenye kumbukumbu za faiawali zao kwamba kitu kiitwacho prisoner.iana.org kinawatumia pakiti walidhani wanashambuliwa, wakalalamika kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2011 ilibidi utolewe waraka mzima, RFC 6305, kuwaeleza kwamba pakiti hizo ni majibu ya maswali ambayo ofisi zao wenyewe zimeyatuma. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi wa lile neno la mwaka 1988. Mtu alikuwa na mamlaka kamili juu ya seva yake, na hakutambua sauti yake mwenyewe ilipomrudia.

Kisa kinachobeba historia yote hii kwa ukamilifu ni cha Windows 2000, iliyotoka Februari 2000. Kabla yake DNS ilikuwa kwa kiasi kikubwa kazi ya watu wa Unix, waliohariri faili kwa mkono. Microsoft ilipoleta Active Directory, mfumo wa kusimamia watumiaji na kompyuta za kampuni, iliujenga juu ya DNS: kompyuta inayotaka kuingia kazini huuliza DNS ni seva gani inayothibitisha nywila. Ghafla shule, hospitali, halmashauri na maduka ya jumla ambayo hayakuwahi kuhitaji seva ya DNS yakawa nayo, iliyowekwa na programu ya kusakinisha baada ya kubofya mara chache. Programu hiyo ilikuwa na tabia moja. Kama wakati wa usakinishaji seva haikuweza kufika kwenye seva za mzizi za intaneti, labda kwa sababu waya wa nje haujachomekwa au faiawali haijafunguliwa, ilihitimisha kwamba mtandao huu unaishi peke yake, na ikaunda zoni yenye jina la nukta tupu. Kwa maneno mengine, ilijifanya mzizi. Siku ya pili waya wa nje ukachomekwa, namba zikapita vizuri, na majina ya nje yakakataa yote. Seva iliyoamini kwamba ndiyo mzizi wa dunia haikuwa na wa kumuuliza. Kila jina lisilokuwa katika daftari lake ililikana, na ililikana kwa ile biti ya mamlaka. Fundi aliyejaribu kuiambia ipeleke maswali kwenye seva za mtoa huduma alikuta sehemu ya kuandika anwani hizo imefifia, haikubali kuandikwa, na maelezo kwamba haiwezekani kwa kuwa seva hii ni ya mzizi. Tiba ilikuwa kuifuta zoni ile ya nukta. Mara tu ilipofutwa, sehemu iliyofifia ilifunguka na orodha ya seva halisi za mzizi ikaweza kutumika.

Nasisitiza kisa hiki kwa sababu hakuna chombo kilichoharibika ndani yake. Waya ni mzima, programu inafanya ilivyoandikwa, kila jibu linatoka haraka na kwa adabu. Na kina ndugu yake ambaye bado anazaliwa kila mwaka. Kampuni inaipa zoni yake ya ndani jina lile lile la tovuti yake ya nje, halafu wafanyakazi wanashangaa kwamba dunia nzima inaiona tovuti ya kampuni isipokuwa wao. Seva ya ndani ina mamlaka juu ya jina hilo, kwa hiyo haiendi kuuliza nje. Na kama hakuna aliyeandika www ndani ya zoni ya ndani, basi kwa watu wa ndani www haipo. Makosa haya mawili ni kosa moja kwa vipimo viwili: la kwanza limejipa mamlaka juu ya dunia nzima, la pili juu ya jina moja.

Kutokana na visa kama hivi ndipo ulipokua utaratibu wa uchunguzi ambao leo fundi mzuri anaufuata hata kama hajui ulitoka wapi. Haanzi kwa kuzima na kuwasha. Anachukua zana, nslookup iliyotoka Berkeley au dig inayokuja na BIND, na kuielekeza kwa seva moja moja kwa jina lake: kwanza seva ya ndani, kisha seva ya mtoa huduma, kisha mojawapo ya seva za mzizi. Anasoma aina ya jibu, kwa kuwa majibu ya kushindwa hayalingani. Jibu la NXDOMAIN linasema jina halipo, na likiwa na biti ya mamlaka kutoka seva ya ndani juu ya jina la nje, ugonjwa umeshajulikana: seva inadai zoni isiyo yake. Jibu la SERVFAIL linasema nimejaribu nikashindwa, hapo mjumbe ametumwa na njia au aliyeulizwa ana kasoro. Jibu la REFUSED linasema sina ruhusa ya kukuhudumia. Ukimya mtupu ni habari ya faiawali au ya seva iliyolala. Na hata baada ya kutibu lazima akumbuke akiba, maana seva huhifadhi pia majibu ya kukana. Utaratibu wa kuyahifadhi uliwekwa sawa mwaka 1998 kwa RFC 2308, na fundi asiyesafisha akiba baada ya kurekebisha zoni ataendelea kuambiwa halipo, aone kama dawa haikufanya kazi, na abadilishe kitu kingine kilichokuwa kizima.

Yupo atakayepinga kwamba ninatia chumvi. Kwamba mara nyingi mtandao ni kweli mbovu, na ukuta ndio mkosaji. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Pakiti ya kwanza ya DNS iliwekewa kikomo cha baiti 512, na wako walioandika faiawali wakiamini kikomo hicho ni cha milele. Mwaka 1999 Paul Vixie aliandika nyongeza iliyoruhusu majibu makubwa zaidi. Windows Server 2003 ilipoanza kuitumia bila kuambiwa, ofisi nyingi zilikuta baadhi ya tovuti zinaonekana na nyingine hazionekani, kwa kuwa faiawali zao zilitupa kila jibu lililozidi baiti 512. Hilo ni kosa la njia, halihusiani na zoni. Hata hivyo angalia namna lilivyogunduliwa: kwa kuuliza jina lile lile kwa njia mbili na kuona nani ananyamaza. Na angalia lilivyodumu. Waandishi wa programu za DNS walivumilia faiawali hizo kwa mbinu za kuzunguka kwa karibu miaka 20, hadi Februari 1, 2019 walipokubaliana kuziondoa mbinu hizo kwa siku moja. Aliyekuwa na faiawali alikuwa na mamlaka juu yake bila kujua sheria ya pakiti aliyoikataza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwa nini ofisi ihangaike na mjumbe wake mwenyewe, wakati tangu Desemba 2009 Google inatoa seva ya bure kwa anwani rahisi kukumbuka, 8.8.8.8? Kwa Afrika Mashariki swali hili lina jibu la kihistoria. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika pwani yetu mwaka 2009, maswali mengi ya nje yalipanda kwa satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwenda na kurudi kulichukua zaidi ya nusu sekunde. Jina jipya lingeweza kuhitaji safari tatu au nne za namna hiyo kabla ukurasa haujaanza hata kupakuliwa. Seva ya ndani yenye akiba nzuri ilifupisha safari hizo kwa kila mtu ofisini baada ya mmoja wao kungoja. Leo nyaya zipo, na nakala ya seva F imewekwa Nairobi, hivyo hoja ya kasi imepungua nguvu. Hoja ya mamlaka haijapungua. Google haijui printa yako wala seva ya mishahara yako, na haipaswi kujua. Wapo wanaojaribu kupatanisha kwa kuipa kila kompyuta seva mbili, ya ndani kwanza na ya Google pili, wakidhani kompyuta itauliza ya pili pale ya kwanza inaposema halipo. Haifanyi hivyo. Inakwenda kwa ya pili pale ya kwanza inapochelewa au kunyamaza, na hapo jina la ndani linaulizwa kwa mgeni, mgeni anakana, na mfanyakazi anashindwa kuingia kazini saa nne asubuhi na kufanikiwa saa nne na robo. Hakuna hitilafu inayochosha kuitafuta kuliko inayokuja na kuondoka. Mahali sahihi pa kuandika anwani ya nje ni ndani ya seva yenyewe, ili mjumbe abaki mmoja na ajue aende wapi.

Wengine walitaka tiba ya kisanifu, na ninaona walikuwa sahihi. Daniel Bernstein alitoa programu mbili tofauti, tinydns kwa kazi ya balozi na dnscache kwa kazi ya mjumbe, akikataa katakata kuziunganisha. Baadaye maabara ya NLnet ya Uholanzi ikafanya vivyo hivyo kwa NSD na Unbound. BIND 9 iliyotoka mwaka 2000 iliruhusu seva moja kutoa sura mbili, moja kwa walio ndani na moja kwa walio nje. Lakini programu haiwezi kumchagulia mtu jina. Kwa miaka mingi kampuni zilishauriwa kuita zoni zao za ndani kwa mkia wa local, hadi mwaka 2013 mkia huo ulipotengwa rasmi kwa itifaki nyingine, na zikabaki na majina yanayogombana na vifaa vya kila siku. Waliotumia corp walivujisha maswali mengi mno kiasi kwamba ICANN, inayosimamia mzizi, iliamua mwaka 2018 kutoendelea na maombi ya mkia huo. Ilikuwa Julai 2024, karibu miaka 41 tangu waraka wa kwanza wa Mockapetris, ndipo bodi ya ICANN ilipotenga mkia wa internal kwa matumizi ya ndani, ikiahidi kwamba mzizi hautaukabidhi kwa yeyote.

Na mpaka unaendelea kusogezwa. Tangu mwaka 2018 kuna kanuni ya kupeleka maswali ya DNS ndani ya mawasiliano yaliyofichwa ya wavuti, na kivinjari cha Firefox huweza kuyapeleka moja kwa moja kwa seva ya mbali bila kupitia seva ya ofisi. Wanaoiunga mkono wana sababu njema, kwani maswali ya DNS yaliyo wazi yanaonyesha kila mtu anasoma nini. Lakini kwa ofisi ina maana kwamba mjumbe anarukwa, na majina ya ndani yanaulizwa kwa mtu asiyeyajua. Watengenezaji wa Firefox waliweka njia ya kusikilizana: kivinjari huiuliza kwanza seva ya mtandao kinaoutumia juu ya jina moja maalum, use-application-dns.net. Seva ikijibu kwamba jina hilo halipo, basi, isipokuwa kama mtumiaji mwenyewe ameamua vinginevyo, kivinjari kinaelewa kwamba hapa pana mwenyeji na kinairudia seva ya ndani. Jina hilo limesajiliwa kweli. Kwa hiyo msimamizi wa ofisi leo anaunda kwa makusudi zoni juu ya jina la nje lisilo lake na kuliacha tupu, akifanya kwa jina moja, na kwa kujua, jambo lile lile ambalo usakinishaji wa Windows 2000 uliyafanyia majina yote ya dunia.